Machenza

Fundi Mpangule alichomelea sahani ya chuma
juu ya kitovu cha gurudumu la Fuso lililokufa,
akaisimika mchangani nyuma ya gereji yake, Tandika,
akasema: haya, zungukeni. Atakayetapika atafagia.

Tulikuwa watatu. Hamdani, mtoto wa jirani,
kazi yake kusukuma, kwa mwendo wa mshale wa saa;
mimi ukingo huu, dada yangu Sikudhani ukingo ule,
na katikati yetu hewa tupu, hatua tatu.

Nilimrushia chenza la kifua. Wallahi, la kifua.
Likapinda.
Likashika kushoto kana kwamba limeitwa na mtu,
likapita bega lake, likapasukia kwenye betri chakavu.

"Makusudi hayo!" Akanirushia lake,
nalo likakata kona, kushoto kwake, likanikosa.
Tukaapizana, tukaitana waongo,
mpaka machenza ya biashara yakaisha kapuni
na mama, mwenye kapu, akatokea.

Muda wote alikuwa kwenye koki, ndoo ikijaa.
"Yamenyooka kama uzi," alisema.
"Ninyi ndio mliohama mlipotakiwa kupokelea."
Kisha akatucharaza, kila mmoja fimbo tatu,
na Hamdani moja, ya kusukuma.

Leo nakaa ghorofa ya tano, nachora mishale ya upepo.
Kusini mwa ikweta kila mshale una tabia ya chenza lile:
huanza na nia moja, ukashika kushoto.
Kitabuni tabia hiyo ina jina la Mfaransa.
Mimi huiita fimbo tatu.

Vijana wa mafunzo huniuliza maji ya beseni,
hapa Dar, huzungukia wapi yakimwagwa.
Huzungukia ulikoyatikisa wewe, huwajibu;
beseni ni dogo, dunia haina habari nalo.
Hapa tulipo, digrii saba kasoro kidogo,
mkono wake ni mlegevu.
Kipa wa Temeke akibutua mpira hadi katikati
unakosa njia kwa unene wa laini ya simu.
Nani atapuliza filimbi?

Lakini upepo una safari ya siku tatu,
na safari ndefu ndiyo inayopindwa.

Nasi tulikuwa na safari ndefu.
Mwaka wa mirathi, kiwanja cha Tandika kati yetu,
nilimtumia neno la kheri, likafika matusi.
Naye alinitumia neno, sijui lilitoka vipi,
lilinifikia limepita bega.
Miaka tisa. Kila mmoja ameapa alilenga kifua,
na kwenye koki hapakuwa na mtu tena
wa kutuambia nani kahama.

Hivi ninavyoandika nakimbizwa mashariki,
kilomita elfu moja mia sita na kitu kwa saa,
na chai yangu haitikisiki kikombeni.
Ndivyo ulivyo mzunguko: ukiwa ndani yake
wewe umetulia, wengine ndio wapotovu.

Jana nilipita Temeke Sterio, nikakuta machenza,
yale ya ganda lililolegea.
Nikamkumbuka Hamdani, mikono myeusi kwa grisi,
akinong'ona siku ile, baada ya fimbo:
usimlenge alipo. Lenga atakapokuwa.

Nikanunua kilo mbili. Nikasimama pembeni,
nikapiga namba ambayo sikudhani bado ninaikumbuka.
Sikumuuliza uko wapi.
Nilimuuliza: dada, unaelekea wapi?

Akanyamaza.
Nyuma ya kimya chake nilisikia maji,
sauti ya ndoo inayokaribia kujaa.